Daftari Langu Lilivyomshtaki Yustina

Mkiitwa ofisini mkaambiwa mtandao umekufa, msiamini. Salimieni kwanza kama watu waliolelewa, pokeeni kiti, ulizeni habari za nyumbani na za mpunga, lakini hilo neno la kufa msilimeze. Katika miaka yangu yote ya kutembea na begi la waya kati ya Kyela mjini, Ipyana na Busale, mitandao iliyokuwa imekufa kweli naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mingine yote ilikuwa hai, ila kuna kitu kiliiziba mdomo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii kwa sababu ni kazi ya kushuku, na kushuku nako kuna adabu yake. Mimi adabu hiyo nilichelewa kuijua. Nilipokuja kuijua, tayari mwandiko wangu ulikuwa unakaribia kumfukuzisha kazi mtu asiye na kosa.

Aliyenifundisha ni Mzee Gwakisa, fundi wa simu za waya aliyehamia kwenye kompyuta akiwa na mvi tayari. Hakuwa na haraka hata siku moja. Alikuwa akiingia ofisini anapiga magoti chini ya meza kabla ya kugusa kompyuta, na watu walidhani anasali. Alikuwa anatazama plagi. Baada ya plagi, taa za ruta, kisha waya, akiuvuta kidogo kila ncha kuona kama umekaa. Kompyuta yenyewe aliigusa mwisho. Na alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, akangoja, akatazama. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, alisema, mtandao ukirudi hutajua umshukuru nani.

Jambo lingine alilonifundisha nililisahau pale lilipohitajika zaidi. Alisema, "Usimuulize mtu amefanya nini. Atakujibu hajafanya kitu. Muulize jana palikuwaje, na leo pakoje."

Siku moja nilikwenda Busale kwa bodaboda, mvua imenipiga njia nzima, kwa sababu ofisi moja ilikosa mtandao kila siku mchana. Nikapima waya, nikabadilisha ruta, nikarudi. Kesho yake tatizo lilelile. Safari ya tatu nilikaa tu kwenye benchi kama mgeni, na saa sita kamili mama mmoja mwenye heshima zake akainuka, akachomoa ruta, akachomeka jagi la umeme achemshe maji ya chai. Nilipomuuliza, alishangaa kweli. Alisema yeye hajagusa mtandao, amegusa umeme.

Ofisi nyingine ilizimika yote kwa wakati mmoja, kompyuta sita, siku ya pili baada ya usafi mkubwa. Nilishuku radi, nikashuku mtambo wa kampuni ya simu, nikamshuku hata fundi mwenzangu aliyekuwa ananyemelea wateja wangu. Kumbe mfagizi, mtu nadhifu kupita kiasi, alikuta waya mmoja ncha yake inaning'inia. Akaona ni uchafu. Akatafuta tundu tupu kwenye swichi, kile kiboksi kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote, akaichomeka. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyohiyo. Hapo ujumbe ukitoka tundu hili unarudi kwa tundu lile, unatoka tena, unazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, mpaka swichi inazidiwa na kila mtu anakosa njia. Nilichomoa ule waya mmoja, vyote vikafufuka. Mfagizi aliniuliza kama sasa auache ukining'inia ovyo vile. Nikamwambia ndiyo, kaka, uache.

Mnaona, wote wawili hawakuwa wabaya. Nawaambia mapema ili mkumbuke tukifika kwa Yustina.

Ilikuwa ofisi ya chama cha wakulima wa kakao, ambacho sitakitaja jina. Vyumba viwili: cha ndani cha meneja, Mzee Ambokile, na cha mbele chenye kompyuta mbili. Kazi ya mtandao pale ilikuwa moja kubwa. Asubuhi ya siku ya mnada, orodha ya mizigo ya wakulima ilitakiwa kuingizwa kwenye mfumo. Mzigo usioingia ulibaki ghalani ukisubiri mnada mwingine, na mwenye mzigo huo alikuja kusimama mlangoni akiuliza kwa nini.

Mtandao wa pale niliujenga mimi. Panya wa ghalani walikuwa wameshanitafunia waya mara mbili, na nilikuwa nimeanza kuipenda waifai kama kijana anavyopenda viatu vipya. Nikaweka ruta chumba cha meneja, juu ya rafu fupi karibu na mlango, kwa kuwa soketi ilikuwa pale. Ilikaa usawa wa kiuno. Mawimbi yakapita mlangoni hadi kompyuta zote mbili. Nilijisifu kwamba sasa panya watafune hewa.

Miezi ikapita vizuri. Kisha wakaajiri karani mpya, Yustina, binti wa Ikombe, kule ziwani ambako watu hufika kwa mtumbwi. Kompyuta ya pili aliitumia Bwana Lwitiko, mtunza ghala, mzee wa makamo mwenye tumbo na sauti. Nafasi ya Yustina ilikuwa imetazamiwa na mpwa wa Lwitiko, na jambo hilo kila mtu alilijua ingawa hakuna aliyelisema.

Hazikupita wiki tatu, nikaitwa. Kompyuta ya Lwitiko inakata. Ya Yustina haikati.

Nilifika saa tisa alasiri nikitokea Ipyana. Kila kitu kilikuwa kizuri. Mnajua hali hiyo, ugonjwa unajificha ukimwona mganga. Nikabadilisha adapta ya ruta, nikahamisha mawimbi kwenye chaneli isiyo na msongamano, nikaondoka. Wiki iliyofuata nikaitwa tena, nikafika tena alasiri, nikakuta tena kuzuri. Lwitiko akanisindikiza hadi kwenye pikipiki akaniambia kwa sauti ya chini nitazame vizuri yule binti. Alisema ya binti inapita, yake yeye inakufa, na kabla binti hajaja haikuwa hivyo. Alisema watu wa ziwani wana mambo yao.

Lile la watu wa ziwani nililipuuza, na nilimwambia hivyo. Lakini lile la kwanza lilinikaa. Kabla hajaja haikuwa hivyo. Hiyo ni hoja ya kifundi, na mimi ni fundi.

Nikafanya jambo ambalo kwenye vitabu ni sahihi. Nikanunua daftari, nikapiga mistari, nikampa Lwitiko aandike kila mtandao unapokata: siku, saa, umekata kwa muda gani. Kisha, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaongeza safu ya nne. Nikaiandika *Nani yupo*.

Siku nyingine nilirudi saa ya chakula. Yustina alikuwa ametoka. Nikakaa kwenye kompyuta yake nikatafuta kama kuna programu inayokula mtandao wote, au kama amefunga njia ya mwenzake kwa ujanja fulani. Sikuona kitu. Badala ya kusema hana kosa, nilisema moyoni kwamba amejificha vizuri. Ndivyo shuku inavyokula mtu, ukikosa ushahidi unauhesabu huo nao kuwa ushahidi.

Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa na mistari ya kutosha. Mzee Ambokile akatuita chumbani kwake, akamwambia Lwitiko asome.

Lwitiko akasoma polepole kama anasoma somo kanisani. Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, umekata, Yustina yupo. Jumanne, saa mbili, umekata, Yustina yupo. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa haukukata hata mara moja. Yustina hayupo, amekwenda msibani Ikombe. Jumatatu iliyofuata amerudi, saa mbili na robo, umekata.

Mzee Ambokile, mtu mpole asiyependa ugomvi, alivua miwani akaifuta. Akasema kamati inakaa Ijumaa, wakulima wanne mizigo yao imeshaachwa, na yeye hana cha kuwaambia zaidi ya daftari hili. Akaniomba nije niwaeleze kamati kifundi. Nikakubali. Na nisiwafiche, wanangu, nilisikia fahari kidogo. Daftari langu lilikuwa safi na mistari yake ilinyooka.

Nilipotoka nilimkuta Yustina barazani anaosha vikombe. Sauti ya Lwitiko haijui ukuta, kwa hiyo alikuwa amesikia yote. Nikamsalimu. Akaitika bila kuinua kichwa.

"Fundi," akasema, "siku ile ulikaa kwenye kiti changu. Ulikiacha kimesogea mbele."

Nikaweka begi chini.

"Sikukasirikia kiti. Ila daftari lako limeandika kuwa nipo. Halikuandika nafanya nini. Mimi asubuhi sikai tu. Nafungua madirisha, nafagia, nachota maji, nawasha kompyuta. Ninyi mmeandika jina langu tu, kama vile jina ndilo linakata."

Akafuta kikombe cha mwisho, akaingia ndani.

Nilipanda pikipiki nikaenda kama nusu kilomita, kisha nikasimama pembeni ya shamba la mpunga la watu. Nilimkumbuka Mzee Gwakisa. Muulize jana palikuwaje, na leo pakoje. Mimi nilikuwa nimeandika nani. Palikuwaje sikuandika.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kabla ya Yustina kufika na ufunguo. Nikamsalimu kwa lugha ya kwetu, "Ugonile. Naomba leo ufanye kila kitu kama kawaida yako, na mimi nikae kwenye kompyuta ya Lwitiko nitazame." Akanitazama kwa muda, kama mtu anayempima mgeni kabla ya kumruhusu kuingia. Akafungua.

Nikaifanya kompyuta ya Lwitiko iwe inapiga hodi kwa ruta kila sekunde. Ni amri ndogo, mnaijua. Kompyuta inasema hodi, ruta inasema karibu, na kioo kinakuonyesha imechukua muda gani kuitika. Hodi zote ziliitikiwa. Yustina akafungua madirisha. Karibu, karibu, karibu. Akafagia, akasogeza viti, akavirudisha. Karibu, karibu. Nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba leo pia ugonjwa umejificha.

Akachukua ndoo akaenda bombani. Akarudi, akamimina maji mtunguni.

Sasa niwaambie kuhusu huo mtungi, maana nilikuwa nimeupita mara kumi bila kuuona. Mama yake Yustina ni mfinyanzi. Binti alipopata kazi, mama aliufinyanga mtungi mkubwa, ukavushwa ziwani kwa mtumbwi ukiwa umefungwa majani ya mgomba, kuwa shukrani kwa ofisi. Yustina aliusimamisha juu ya kigoda, kando ya mlango wa kati, ili wakulima wanaotembea kutoka Busale wakifika na jua wapate maji ya baridi. Watu waliupenda. Sahani juu yake, kikombe juu ya sahani.

Ndoo ya kwanza ilipoisha kumiminwa, hodi zikaanza kuchelewa kuitikiwa. Akaenda kuchota ya pili. Aliporudi akamimina, na maji yalipopanda tumboni mwa mtungi, ruta ikanyamaza. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Hodi, karibu ya mbali. Kimya.

Nikatazama kutoka kwenye rafu ya ruta hadi kwenye kiti nilichokalia. Mtungi ulikuwa katikati kabisa, tumbo lake usawa wa antena. Kiti cha Yustina kilikuwa upande wa pili, mstari wake ulipita pembeni ya mtungi bila kuugusa.

Mawimbi ya waifai yanapita mbao na kioo. Ukuta wa tofali yanaupita kwa kunung'unika. Maji ndiyo adui, maji yanayanywa. Asubuhi mtungi umejaa, Lwitiko hana mtandao. Wakulima wanafika, wanakunywa, maji yanashuka chini ya usawa wa antena, na alasiri mimi ninapofika kila kitu ni kizuri. Yustina akiwa msibani hakuna anayejaza.

Wanangu, furaha yangu ilidumu kwa pumzi mbili tu, kisha nikaogopa. Daftari lilikuwa limesema ni Yustina. Sasa mimi fundi nikasimame mbele ya kamati niseme ni mtungi wa Yustina? Mtungi uliotoka ziwani, uliofinyangwa na mama yake? Lwitiko asingehitaji kusema neno. Angekunja tu mikono. Ukweli ukisemwa nusu mbele ya watu wenye shuku, unafanya kazi ya uongo.

Nikamwambia Yustina nilichokiona, na nilichokiogopa. Aliutazama mtungi. Kisha akasema, "Basi usiwaambie. Waonyeshe. Na maji achote mwingine."

Ijumaa kamati ilikaa chumba cha mbele, watu saba. Nikaomba dakika chache kabla ya daftari. Nikageuza kioo cha kompyuta ya Lwitiko wote waone, nikawaeleza hodi na karibu, hadi bibi mmoja mkulima wa Ipyana akawa anaitika mwenyewe kila mstari unapotokea, karibu, karibu. Mtungi ulikuwa umejaa, na hodi nyingi zilikosa jibu. Nikamwomba Yustina ruhusa, tukaubeba wawili hadi barazani. Hodi zote zikaitikiwa.

Nikamwona Lwitiko anakunja mikono.

"Nilisema," akasema.

"Kaka, nisaidie kitu," nikamwambia. "Chota maji wewe mwenyewe, kwa madumu yako ya ghalani. Bomba ulichague wewe."

Akaenda, maana hakuweza kukataa mbele ya watu. Akarudi na madumu mawili ya plastiki ya njano, amejaza mwenyewe. Nikayapanga juu ya kigoda kilekile, moja juu ya jingine, na ruta ikanyamaza vilevile. Bibi wa Ipyana akaacha kuitika. Nikayaondoa, akaanza tena, karibu.

"Sasa simama wewe hapo," nikamwambia Lwitiko.

"Mimi?"

"Simama karibu na rafu, tumbo liangalie ruta."

Akasimama. Hodi tatu zikapotea, mbili zikachelewa, nyingine ikapotea. Mwili wa mtu, nikawaeleza, sehemu kubwa ni maji.

Mzee Ambokile akavaa miwani yake vizuri. "Kwa hiyo fundi," akasema, "tukifuata daftari, huyu naye tumfukuze?"

Kicheko kilianza kwa bibi kikaishia kwa Lwitiko mwenyewe, ambaye alicheka mwisho na kidogo. Lakini sikutaka jambo liishie kwenye kicheko, kwa sababu kicheko kinasafisha kila mtu isipokuwa aliyesingiziwa. Nikasema kosa ni langu. Ruta niliiweka chini kwa sababu soketi ilikuwa karibu. Waya sikuvuta kwa sababu nilichoka na panya. Na safu ya nne ya daftari niliipiga mimi, si Lwitiko, na nilipekua kompyuta ya mtu bila kumwambia. Nikamgeukia Yustina nikamwomba radhi mbele yao wote.

Akasema, "Ndaga."

Ndaga, basi: asante, bila fijo, yaani sana. Mtu wa kwetu anajua uzito wa kukosekana kwa lile neno la pili. Niliistahili.

Siku ileile nilipandisha ruta juu ukutani, karibu na dari, na wiki iliyofuata nikavuta waya hadi kompyuta zote mbili ndani ya bomba gumu lisilotafunika. Mtungi ulirudi mahali pake. Meneja alipendekeza uhamishiwe kona nyingine kwa usalama, nami nikakataa. Nilisema mtungi haukukosea popote.

Daftari nilikuwa nimeliacha pale liendelee kutumika. Nilipolifungua miezi kadhaa baadaye, nilikuta safu ya nne imekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja ulionyooka kuliko yangu. Juu yake, kwa mwandiko wa Yustina, *Kimebadilika nini*. Tangu hapo madaftari yangu yote niliyapiga hivyo, na ninyi nawaomba myapige hivyo. Mtashuku, ni lazima mshuke hadi chini ya meza na mshuku kila plagi. Ila jina la mtu liwe la mwisho kuandikwa, na mara nyingi mtakuta ukurasa umeisha kabla hamjalifikia.

Mwaka nilioacha kazi nilipita ofisi zote kuaga. Pale kwenye kakao, Yustina alikuwa amekaa kiti cha meneja, Mzee Ambokile ameshastaafu. Nikafungua begi kwa mazoea nitazame taa za ruta. Akanizuia, akaenda kwenye mtungi, akachota kikombe kikajaa hadi ukingoni, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa kwanza, fundi," akasema. "Punguza maji, mawimbi yapite."

Nikanywa yote, nimesimama palepale mlangoni. Nilipomrudishia kikombe, akasema ndaga fijo kabla mimi sijaisema.